Mwanagenzi Asiye na Fundi: Gereza, Vijana na Fasihi ya Kiswahili

Kauli kwamba gereza ni chuo ina maana mbili katika mazungumzo ya Waswahili. Ya kwanza ni ya kejeli: kijana huingia kwa kosa la kuiba kuku, akatoka amefuzu kuvunja maduka. Ya pili ni ya heshima, nayo husikika kila wanapotajwa waandishi waliotoka kifungoni na mswada. Wahakiki wa fasihi yetu wameipenda zaidi hii ya pili, na kwa muda mrefu wameitumia bila kuisaili. Abdilatif Abdalla alitoka Kamiti na diwani. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alitoka Kamiti hiyohiyo na riwaya. Basi Kamiti ni chuo kikuu. Hoja ya namna hii ni tamu masikioni, ila inalilipa gereza ujira wa kazi ambayo gereza lenyewe lilijitahidi kuizuia.

Kasoro hiyo huonekana vizuri zaidi mtu akiisoma Sauti ya Dhiki mbali na Mombasa, mahali kama Kenton, kaskazini-magharibi mwa London. Kenton, mtaa uliogawanywa kati ya Brent na Harrow, ni makao ya wazee wengi wa Kigujarati waliozaliwa Nairobi, Kisumu au Kampala, na ambao Kiswahili hakijawatoka kinywani. Familia nyingi za aina hiyo zilifika Uingereza kwa mikupuo miwili. Mkupuo wa kwanza ulikuwa wa mwaka 1968, pale Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Kiingereza walipokimbilia mlango ambao Bunge la London liliufunga kwa sheria ya mwezi Machi mwaka huo. Wa pili ni wa 1972, Idi Amin alipowafukuza wa Uganda. Kalenda ya Sauti ya Dhiki inaingia barabara kati ya miaka hiyo miwili. Karatasi ya kisiasa Kenya: Twendapi? ilisambazwa mwishoni mwa 1968, na mwandishi wake akafunguliwa 1972. Diwani iliyotungwa katika miaka hiyo ni pacha wa uhamaji huo, ingawa pacha hao hawakulelewa pamoja. Mshairi mwenyewe naye alikuja kuishi London kuanzia 1979, akifanya kazi katika idhaa ya Kiswahili ya BBC na baadaye katika jarida la Africa Events.

Katika nyumba za mitaa kama hiyo, za Wahindi wa Afrika Mashariki na za Waswahili na Wasomali waliofuata baadaye, wapo vijana wanaokwama mikononi mwa sheria kama walivyo kwingineko. Gereza la vijana lililo karibu ni Feltham, upande wa pili wa magharibi ya jiji, ndani ya ile iliyokuwa kaunti moja ya Middlesex pamoja na Kenton hadi 1965. Jambo hili husemwa kwa sauti ya chini mno. Methali ya asiyefunzwa na mamaye imekwisha kutoa hukumu kabla ya hakimu: ulimwengu ukimfunza mtoto, aliyeshindwa ni mama. Kwa hiyo mtoto huwa "yuko safarini", na atakaporudi hataulizwa alikokuwa. Jamaa mwenye mazoea ya kusoma hutafuta faraja kwenye rafu, akaikuta Sauti ya Dhiki, akasema: mbona huyu naye alifungwa kijana, akarudi mtu mkubwa? Faraja hiyo ni ya haki. Kama ni ushahidi wa kile ambacho gereza linaweza kumfunza kijana, hilo ni suala jingine.

Abdilatif alikuwa na umri wa miaka 22 alipokamatwa. Huko Feltham, upande mmoja huwekwa wavulana wa miaka 15 hadi 18 na upande wa pili vijana waliowazidi umri; kwa kipimo hicho hakuwa mbali nao. Alikuwa mtu wa ofisi ya hesabu katika Manispaa ya Mombasa, si mwanasiasa wa jukwaani. Alishtakiwa kwa uchochezi, akahukumiwa miaka mitatu, na sehemu kubwa ya muda huo aliishi katika upweke. Hakupewa karatasi wala kalamu. Tungo zake alizificha katika karatasi za chooni, zikatolewa nje kwa siri. Serikali ilimpa kifungo. Mahali pa kuandikia alijitafutia.

Swali la mhakiki ni hili: mtu huyu aliingia na nini? Aliingia na mengi. Alilelewa na Ahmad Basheikh bin Hussein, mzee wa ukoo aliyekuwa mshairi. Kaka yake Ahmad Nassir alikuwa tayari mshairi wa kutajika. Na ndugu yake mwingine, Sheikh Abdilahi Nassir, alikuwa mwanachuoni na mtu wa siasa za pwani. Zaidi ya hayo, Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa, alioutunga kabla ya kufungwa, ulichapishwa 1971, yeye akiwa ndani. Kwa maneno mengine, mfungwa aliyenyimwa karatasi alikuwa na kitabu madukani. Anayetaka kusema kwamba Kamiti ilimfundisha kutunga hana budi kwanza kuueleza utenzi huo.

Tungo zenyewe zinathibitisha jambo hilo kwa ndani. "Mamba" ni fumbo la mnyama wa mtoni ambaye msikilizaji wa Mombasa hana haja ya kuambiwa jina lake la pili. Huo ni ufundi uliozoeleka mjini humo tangu zama za Muyaka bin Haji. "Telezi" inaanzia kwenye mvua na njia yenye utelezi, "Jipu" kwenye maumivu ambayo kila mtu ameyapata mwilini. Askari jela akizisoma haraka ataona mnyama, matope na usaha. Ili mtunzi acheze mchezo huo akiwa peke yake, sharti awe amekwisha kuuona ukichezwa na watu wengi, siku nyingi, nyumbani na barazani, ambako anayeshindwa kulifumbua fumbo huchekwa na anayelifumbua mapema mno hukaripiwa.

Mfano ulio bora zaidi ni "Mnazi: Vuta N'kuvute", majibizano ya Alii na Badi juu ya mti mmoja. Ken Walibora, katika makala aliyoichapisha 2009, aliisoma Sauti ya Dhiki kama diwani ya sauti nyingi: mfungwa aliyetengwa na watu anajaza chumba chake kwa wasemaji, wengine wakimpinga. Usomaji huo ni miongoni mwa mambo mazuri yaliyowahi kusemwa juu ya kitabu hiki, na unastahili kusogezwa hatua moja mbele. Mtu hawezi kujigawa pande mbili za ubishi, kila upande ukapewa hoja zake za haki na vina vyake kamili, kama hakuwahi kukaa mahali ambapo watu hubishana kwa adabu. Wale wasemaji wa chumbani aliingia nao Kamiti. Kijana wa miaka 16 aliyeacha shule mapema, ambaye nyumbani kwao hakuna aliyemsikiliza akimaliza sentensi, ataingia upweke uleule na atakuta ukimya. Kumwambia kuwa Abdilatif aliweza ni kumpima kwa kipimo ambacho hakupewa.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao wahakiki huupita kwa haraka. Diwani ilipotoka 1973, ilitanguliwa na maelezo ya Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu na mtaalamu wa lugha aliyeheshimika pwani nzima. Msomaji wa leo huyapitia kurasa hizo kama desturi ya vitabu, lakini mwaka 1973 zilikuwa na kazi nyingine. Mwandishi alikuwa ametoka jela kwa kosa la uchochezi mwaka uliotangulia. Mzee mwenye jina alisimama mbele ya wasomaji, akamshika mkono, akasema kwa vitendo: huyu ni wetu, na kazi yake ni ya kifundi. Mwaka 1974 diwani hiyo ikapewa tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Watu hupenda kusimulia kinaya cha tuzo hiyo, na kweli kinachekesha kwa uchungu. Ila udhamini wa Chiraghdin ulikuja kabla ya tuzo, na bila udhamini wa aina hiyo vitabu vingi vya wafungwa havifiki mikononi mwa majaji wowote.

Udhamini ndio neno linalokosekana katika mjadala wa elimu ya gerezani, na historia ya Kenya yenyewe inalo. J. M. Kariuki, katika kitabu alichokitoa 1963 na ambacho wasomaji wa Kiswahili walikipata kwa jina la Mau Mau Kizuizini, anaeleza jinsi watu waliozuiliwa kambini walivyopanga masomo yao wenyewe, anayejua herufi akimfunza asiyejua. Hayo yalikuwa masomo ya wafungwa, si ya kambi, na ndiyo yanayokaribia zaidi ile maana ya heshima ya neno chuo.

Kambi nazo zilikuwa na shule zao. Katikati ya miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwatoa wavulana waliokamatwa wakati wa Hali ya Hatari, ikawapeleka Wamumu, katika tambarare ya Mwea. Walipewa randa na misumeno, cherehani na mwiko wa uashi, mpira na gwaride. Mpango ulikuwa kuwavua kiapo na kuwavika ufundi. Walichofundishwa kilikuwa ufundi wa kweli. Mbao hazijui siasa. Ila kila pigo la nyundo lilikuwa pia pigo la utii, na haifai kuisimulia Wamumu kwa kutaja upande mmoja tu. Waliomaliza mafunzo walitafutiwa kazi na utawala uleule uliowazuia. Ilikuwa dhamana yenye bei, kwa kuwa kijana alilipa kwa kuikana jana yake. Hata hivyo ilikuwa dhamana: alipofika mlangoni pa mwajiri, alikuwapo mtu wa kusema neno kwa niaba yake.

Geoffrey Griffin, mmoja wa Waingereza waliofanya kazi Wamumu, aliondoka na funzo hilo. Mwaka 1959, akiwa na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, alianzisha Kituo cha Starehe jijini Nairobi kwa ajili ya wavulana wa mitaani, kikianza na mabanda mawili ya mabati. Wasifu wa Starehe huandikwa kama hadithi ya mafanikio ya mtihani, jambo ambalo ni kweli na linachosha. Kinachohusu mjadala huu ni kitu kingine: Starehe ilimpa mtoto jina la kujitambulishia. Mvulana aliyetoka kwenye mtaro wa maji machafu alipoulizwa wewe ni wa wapi, alikuwa na jibu ambalo halikumfunga mdomo anayeuliza.

Tofauti na hayo ni safari ya neno bostali. Limetoka kwenye kijiji cha Borstal, karibu na Rochester katika kaunti ya Kent, ambako mwaka 1902 Waingereza walijaribu kuwatenga vijana na wafungwa watu wazima na kuwafunza kazi. Mkuu wa magereza aliyelisimamia wazo hilo, Evelyn Ruggles-Brise, aliamini kuwa umri huo bado unakunjika, kama Waswahili wasemavyo samaki. Feltham, iliyojengwa karne ya kumi na tisa kama shule ya kazi za mikono kwa wavulana wakorofi, ikageuzwa bostali 1910. Mfumo ukasafiri na dola ya Kiingereza. Uingereza ikaufuta kwa sheria ya 1982. Kenya haijaufuta: Sura ya 92 ya sheria zake bado inaitwa kwa jina hilo, na taasisi za bostali zipo Shimo la Tewa karibu na Mombasa na Shikusa karibu na Kakamega kwa wavulana, na Kamae, jirani na Kamiti, kwa wasichana. Neno lililozikwa kwao linaishi kwetu, tena limekuwa la Kiswahili kabisa kwa maana ya kwamba mzazi wa Kisauni hulitamka bila kujua kuwa ni jina la kijiji.

Kule Uingereza jina liliendelea kubadilika. Baada ya bostali vikaja vituo vya kizuizi cha vijana, kisha mwaka 1988 taasisi za wahalifu vijana, na mwaka 2024 ikafunguliwa ya kwanza ya zile zinazoitwa shule salama, kwenye kilima kilekile cha Rochester, karibu kabisa na kuta za bostali ya kwanza. Mwanaisimu atauliza kwa nini kila kizazi huona haya kutamka gereza mbele ya mtoto, kikatafuta neno la karibu na shule, na kwa nini neno hilo jipya nalo huchakaa baada ya muda. Mabadiliko ya mwisho yalitokana na ripoti ya 2016 ya Charlie Taylor, iliyotaka elimu iwe kiini cha kifungo cha mtoto badala ya kuwa pambo lake. Nia hiyo ni njema. Lakini jina la shule ni ahadi, na Feltham inajua gharama ya ahadi. Mwezi Machi 2000 Zahid Mubarek, kijana wa miaka 19, alipigwa humo na mwenzake wa chumba mwenye chuki ya rangi, asubuhi ambayo angetoka kwenda nyumbani, akafa kwa majeraha hayo. Uchunguzi wa umma uliotoa ripoti yake 2006 ulionyesha mlolongo mrefu wa makosa ya taasisi. Kabla ya randa na kabla ya kitabu, kijana anahitaji kuwa hai asubuhi ya kutoka.

Bostali imeacha kitabu kimoja kikubwa, Borstal Boy cha Brendan Behan, kilichotoka 1958. Behan alikamatwa Liverpool mwaka 1939 akiwa na umri wa miaka 16, na vilipuzi mkobani, akapelekwa bostali ya Hollesley Bay. Wasomaji wengi hukitaja kitabu hicho kama ushahidi kwamba bostali ilifanya kazi: kijana anaingia na baruti, anatoka na fasihi. Lakini Behan naye anafanana na Abdilatif katika jambo lilelile. Alitoka katika nyumba ya Dublin iliyojaa vitabu na nyimbo, mjomba wake akiwa mtunzi wa maneno ya wimbo wa taifa wa Ireland, na tayari alikuwa mwanagenzi wa kazi ya baba yake ya kupaka rangi nyumba. Sifa ya bostali yake, kwa jinsi anavyoisimulia, ni kwamba haikuvinyang'anya vitu hivyo: alikuwa na maktaba, kazi ya bustanini, na wenzake wa kuzungumza nao. Hilo si jambo dogo. Hata hivyo, kati ya kutomnyang'anya mtu alichonacho na kumpa asichonacho pana safari ndefu.

Neno mwanagenzi linastahili kusimamiwa kidogo, kwa kuwa Kiswahili kina nadharia nzima ya elimu ya ufundi ndani yake, na wataalamu wa urekebishaji wa vijana hawajawahi kuiomba. Mwanagenzi ni mgeni wa kazi. Haingii darasani; anaingia kwa fundi. Huanza kwa kufagia vumbi la mbao, akashikishwa tupa, akaachiwa patasi, na baada ya muda ambao hakuna aliyeuandika mahali, akaruhusiwa kuugusa mlango wa mteja. Methali ya mwana wa mhunzi inasema asiposana huvukuta: asiyefua chuma avuvie moto. Mtu hupata nafasi karakanani kabla hajapata ujuzi. Na siku anapoondoka, cheti chake ni jina la fundi wake. Mteja haulizi alisoma wapi, huuliza amefunzwa na nani. Fundi naye hujua kuwa mlango ukipinda, jina litakalotajwa ni lake.

Ushairi wa Kiswahili umejengwa kwa mpangilio huohuo, na msamiati wake haujifichi. Kutunga ni kupitisha uzi katika shanga. Mizani ni ya mfanyabiashara, vipande ni vya fundi wa kukata na kuunga. Anayeweza huitwa fundi, na anayeanza huitwa mwanagenzi, bila tofauti kati ya anayechonga mlango wa Lamu na anayechonga mshororo. Mgawanyo wa elimu ya kichwa na elimu ya mkono, ambao magereza yote yaliyorithi mfumo wa Kiingereza yameujenga hadi kwenye ratiba ya siku, si wa asili katika lugha hii. Kwa msomaji wa Kiswahili, karakana ya Shimo la Tewa na karatasi za chooni za Kamiti zingepaswa kuwa mada moja. Uhakiki umezifanya mbili: moja imeachiwa idara ya fasihi, nyingine wizara.

Na hapo ndipo inapoonekana kasoro ya mafunzo ya gerezani, Kenya na Uingereza. Ufundi hutolewa: useremala, ushonaji, uashi, uchomeleaji wa vyuma, na kwa wengine mitihani ya shule. Walimu wapo, na wengi wao hufanya kazi kwa moyo kuliko mshahara. Kinachokosekana ni fundi wa kudhamini. Kijana wa Kenya akitoka, mwajiri humtaka cheti cha tabia njema cha polisi kabla hajamwuliza kama anajua kuchomelea. Wa London hukutana na fomu ya kuuliza makosa yaliyopita. Karatasi hizo mbili zinafanya kazi iliyo kinyume na ya mdhamini: zinamtangulia mtu mlangoni na kumsema vibaya. Mkono umefunzwa, jina limeachwa lilivyokuwa. Wamumu, pamoja na dhambi zake zote, ililielewa jambo hili kuliko taasisi nyingi zilizoifuata.

Fasihi ingeweza kusaidia hapa, kwa sababu kumpa mtu jina jipya mbele ya watu ni kazi yake ya zamani. Lakini riwaya za Kiswahili zinazosomwa sana zimemshughulikia zaidi mfungwa msomi. Haini ya Adam Shafi, iliyotoka 2003 na kuchota katika uzoefu wa mwandishi aliyefungwa baada ya kuuawa kwa Karume 1972, ni riwaya ya watu wazima wanaojua kwa nini wamefungwa na nani amewafunga. Inaumiza na inafundisha. Mateso yake yana adui mwenye uso. Kijana wa wizi wa simu hana adui wa namna hiyo. Hana hata hakika kama ana kisa cha kusimulia. Kidagaa Kimemwozea ya Walibora inakaribia zaidi: Amani na Imani, mchunga ng'ombe na mtumishi wa nyumbani, wanatiwa ndani kwa kifo cha mtoto mchanga ambaye hawakumdhuru. Hata hivyo ni wema mno. Msomaji hatakiwi kuwasamehe, maana hawana kosa, na riwaya inaponea katika usafi wao. Sehemu ngumu ya mada hii ni kijana mwenye kosa, aliyemuumiza mtu kweli, ambaye sasa amepiga randa ubao hadi ukanyooka na hajui aupeleke wapi.

Walibora angeweza kuiandika. Pamoja na ualimu na uandishi wa habari, aliwahi kuwa afisa wa probesheni, kazi ambayo ni ya kumdhamini mtu mbele ya mahakama kwa maandishi. Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoikamilisha Marekani mwaka 2009, ilihusu masimulizi ya wafungwa wa kisiasa wa Afrika. Hakuna mwandishi mwingine wa Kiswahili wa kizazi chake aliyekuwa na mafaili hayo mawili kichwani kwa pamoja: faili la kijana wa kawaida aliyekosa, na faili la msomi aliyeonewa. Alichagua kulichambua la pili, na alilichambua vizuri. La kwanza linachungulia hapa na pale katika riwaya zake, kwa watoto wanaotafuta baba na vijana wanaofukuzwa, na halifunguki lote. Alifariki Nairobi mwezi Aprili 2020.

Kwa wasomaji wa Kenton, na wa kila mtaa wa ughaibuni ambako mtoto "yuko safarini", pengo hilo si la maktaba tu. Mzazi anayekwenda Feltham siku ya kutembelea hubadilisha treni katikati ya jiji, akakaguliwa, akaketi mbele ya meza, na huko hukuta kwamba Kiswahili alichonacho cha jambo hili kina maneno mawili tu: aibu na subira. Mtoto anamwambia kwa Kiingereza kwamba amejifunza kupiga lipu ukuta, kwamba mwalimu amesema mkono wake ni mwepesi. Mama anamwuliza kwa Kiswahili kama anakula vizuri. Anamjua fundi lipu mmoja wa Harrow, mtu wa kwao, anayetafuta kijana wa kumsaidia. Hajui aanzie wapi kumwambia.